Biskuti Zisizo na Ngano: Kiongezwe Nini?

Kanda unga wa ngano kwa maji kidogo, kisha lioshe donge hilo polepole ndani ya bakuli la maji. Wanga utatoka mweupe kama maziwa, na mkononi utabaki utando wa kijivu unaonyumbuka kama mpira. Hiyo ndiyo gluteni, protini iushikiliayo mkate.

Wapo watu ambao miili yao huipiga vita protini hiyo. Utumbo mwembamba huharibika, na mtoto hudhoofu ijapokuwa anakula. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi aliuhusisha ugonjwa huo, uitwao seliaki, na ngano. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1950. Tiba yake ni kuacha kabisa ngano, shayiri na rai.

Ulaya na Marekani huuzwa pakiti za unga wa biskuti usio na gluteni, aghalabu mchanganyiko wa unga wa mchele, wanga wa muhogo au viazi, na sukari. Mchanganyiko wa namna hiyo waweza kutengenezwa hata nyumbani. Taabu ni kwamba biskuti zake hufikichika na huwa kama mchanga mdomoni.

Hapo yai lina kazi kubwa. Ute wake huanza kuganda penye joto la nyuzi 62 hivi za Sentigredi, na ukishaganda huzishika chembe za unga badala ya gluteni. Ndizi mbivu iliyopondwa nayo husaidia, ila maji yapunguzwe. Karanga huleta protini, ambayo wanga wa muhogo karibu hauna kabisa. Lakini zitwangwe, kwani penye kipande kikubwa ndipo ufa huanzia. Donge likiachwa nusu saa kabla ya kuokwa, chembe za mchele hunywa maji na ule uchanga hupungua. Iliki na tangawizi ni hiari ya mpishi.

Hatari huingia kwa mlango huo huo wa viongezo. Kimea cha shayiri kina gluteni. Cha ulezi hakina. Kiwango cha kimataifa cha Codex, kilichorekebishwa mwaka 2008, ni gluteni isiyozidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula. Gramu moja tu ya unga wa ngano ina takriban miligramu 80. Ikidondoka katika kilo ya biskuti, kiwango kimepitwa mara nne. Kwa hiyo chekeche na mwiko wa ngano vitengwe, na mtama usisagwe katika mashine iliyotoka kusaga ngano.