Anayeshindwa Kuiga si Mkaidi

Watu wawili wanapotwanga katika kinu kimoja, mchi wa mmoja hupanda wakati wa mwenziwe unashuka. Hakuna anayehesabu wala anayetoa amri. Lau kila mmoja angesubiri kuuona mchi wa mwenzake ukiinuka ndipo ashushe wake, michi ingegongana, maana jicho kuona na mkono kuitikia huchukua takriban robo ya sekunde. Kinachowaepusha na ajali ni ubashiri: ubongo wa kila mtwangaji hukadiria mapema mwendo wa mwenzake na kuupanga wake kulingana nao. Katika kazi hiyo hushiriki serebela, sehemu ya ubongo iliyo upande wa kisogoni, ambayo husaidia kupima muda na kulainisha miendo.

Kuiga nako hutegemea uwezo unaokaribiana na huo. Msusi hajifunzi kusuka kwa kusomewa maelezo. Hutazama vidole vya aliyemtangulia, kisha huvifuatisha. Mwaka 1992, watafiti wa Chuo Kikuu cha Parma nchini Italia, akiwamo Giacomo Rizzolatti, walieleza jambo lililowashangaza. Katika ubongo wa kima wa jamii ya makaki waliona chembe za neva zilizoamka kima aliposhika chakula, na zikaamka vilevile alipomwona mtu akikishika. Baadaye ziliitwa nyuroni za kioo. Ugunduzi huo ulivuma, na wapo walioukuza kupita kiasi, hata ukageuzwa kuwa jawabu la kila swali kuhusu huruma na lugha. Tahadhari inafaa, kwa kuwa makaki wazima huiga kwa nadra sana ingawa wanazo chembe hizo. Kwa binadamu, kuiga huhitaji mtandao mpana zaidi, unaounganisha maeneo ya kuona, ya kutambua viungo vya mwili na ya kupanga vitendo.

Thamani ya mtandao huo huonekana waziwazi unapoharibika. Mgonjwa wa kiharusi ameketi kitandani, mkono wake wa kulia umepooza. Muuguzi anamwomba apunge mkono wa kushoto, ule mzima, kama anayemuaga mtu. Mgonjwa anautazama mkono, anakunja ngumi, anaigusisha shavuni. Muuguzi anamwonyesha namna ya kupunga; bado hawezi. Muda mfupi baadaye wageni wanaaga, naye anawapungia mkono barabara. Hapo ndipo jamaa husema: “Kumbe anaweza, ila hataki.”

Hukumu hiyo ni ya haraka, nayo humwumiza mtu asiye na hatia. Hali hii huitwa apraksia. Daktari Mjerumani Hugo Liepmann aliieleza kwa kina mwaka 1900, na katika miaka iliyofuata alionyesha kwamba nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo hasa inayoongoza vitendo vya ustadi vya mikono yote miwili. Ndiyo sababu hata mkono usiopooza hukosea. Kitendo kinachoitwa na tukio lenyewe, kama kuwaaga wageni, huweza kujitokeza, ilhali kilekile kikiagizwa kwa maneno au kwa mfano hukwama. Na kwa kuwa kwa watu wengi lugha nayo hukaa upande huohuo wa kushoto, mara nyingi mgonjwa wa apraksia hushindwa pia kusema au kuelewa vyema. Basi hudhaniwa kuwa mjeuri, au kwamba akili imemtoka.

Mhudumu wa afya anaweza kuichunguza hali hii bila mashine yoyote. Autumie mkono usiopooza. Kwanza amwombe mgonjwa aonyeshe jinsi ya kupiga mswaki bila kushika kitu. Pili amwonyeshe ishara na kumwomba aiige, kwa mfano kuweka mgongo wa kiganja chini ya kidevu. Tatu ampe mswaki halisi na kumtazama anavyoutumia. Makosa yasiyoelezeka kwa udhaifu wa misuli, kutoona vizuri au kutoelewa agizo huashiria apraksia, na yanastahili kuandikwa katika jalada na kuelezwa kwa familia.

Je, aliyepoteza uwezo wa kuiga anaweza kufundishwa? Mwaka 1998, Georg Goldenberg na Sonja Hagmann wa Ujerumani walichapisha matokeo ya mafunzo ya kazi tatu za kila siku: kupaka siagi kwenye mkate, kuvaa nguo na kupiga mswaki. Mkufunzi alimwongoza mgonjwa mkono kwa mkono, au aliketi kando yake na kutenda kitendo kilekile pamoja naye, akimzuia asikosee kabla kosa halijatokea. Wagonjwa walipiga hatua, lakini katika kazi waliyofundishwa tu; aliyejifunza kupiga mswaki hakujua kuvaa shati kwa sababu hiyo. Miezi kadhaa baadaye, mafanikio yalidumu kwa wale walioendelea kuzifanya kazi hizo nyumbani.

Matokeo hayo yanaiweka familia katikati ya tiba. Anayemuuguza mgonjwa aketi ubavuni pake badala ya kumkabili, ili mkono ufuate mkono bila kugeuza kulia na kushoto kichwani. Atumie vitu halisi, mahali na wakati wake wa kawaida: mswaki asubuhi, kijiko wakati wa chakula. Kazi igawanywe katika hatua ndogo, maneno yawe machache, na mkono wa mgonjwa uongozwe kwa upole panapokwama. Ichaguliwe kazi moja au mbili anazozihitaji zaidi, zirudiwe kila siku. Kisu, wembe, chai ya moto na jiko viwe chini ya uangalizi, kwani anayekosea matumizi ya kitu anaweza kujidhuru.

Kumvalisha na kumlisha mgonjwa kila siku huokoa muda, lakini humnyima zoezi; kumkaripia humnyima hamu ya kujaribu tena. Anachohitaji ni mwenza wa kuingia naye katika mwendo mmoja, kama mtwangaji anavyomsubiri mwenziwe apate mapigo, na subira ya kuanza upya mapigo yanapopotea.