MBA kwa sisi wa Arusha: kabla hujauza kiwanja, soma hapa kwanza



Kila msimu wa udahili ukikaribia napata swali lile lile kutoka kwa vijana wa hapa mjini: "Kaka, MBA nikasome wapi?" Wengine wameshafika mbali, kiwanja cha Ngaramtoni kiko sokoni ili ada ipatikane. Ndiyo maana nimeona niliandike hili leo. Ukinunua simu mbovu utaiuza kesho ununue nyingine. Miaka miwili na kiwanja havirudi.

Mimi siwapangii chuo. Nawapa maswali ambayo mimi ningeuliza.

1. UNAITAKA YA NINI?
MBA ilianzia Harvard, Marekani, mwaka 1908, kwa ajili ya kuandaa watu wa kuongoza biashara. Sio dawa ya kukosa ajira. Kama wewe ni mhasibu na unataka kupanda ngazi kwenye uhasibu huo huo, CPA ya NBAA inaweza kukufikisha mbali kuliko MBA. Kama umemaliza digrii juzi na hujawahi kusimamia hata watu watatu, fanya kazi kwanza. Darasani wenzako watakuwa wanajadili wateja, mishahara na madeni waliyoyaona, wewe utakuwa unanakili tu. Lakini kama uko kwenye kampuni ya utalii, benki au shirika, na sasa wanakutegemea uendeshe idara, hapo MBA ina maana.

2. IMESAJILIWA?
Hapa wengi wanalizwa. Jina la chuo kuwa kubwa haitoshi. Kituo unachosomea na programu yenyewe lazima viwe na kibali hapa nchini. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18, pamoja na programu 75 za vyuo 22. Kwenye ile orodha vilikuwemo vituo vya Arusha vya vyuo viwili vikubwa vya Kenya: Kenyatta na JKUAT. Hakuna anayebisha kwamba Nairobi vyuo hivyo vina heshima zake. Kilichozuiwa ni vituo vya hapa. Kwa hiyo ingia tovuti ya TCU, tafuta jina la programu, usiishie kwenye jina la chuo. Kwa taasisi ambazo sio vyuo vikuu, angalia pia NACTVET, ile iliyokuwa inaitwa NACTE. Ukisoma nje ya nchi, ujue cheti chako kitapita TCU kutambuliwa. Uliza kabla ya kulipa.

3. CHETI KINA JINA LA NANI?
Arusha tumezoea ushirikiano na vyuo vya nje. ESAMI, inayomilikiwa na serikali 10 za mashariki na kusini mwa Afrika na yenye makao yake hapa hapa, iliendesha MBA na Maastricht School of Management ya Uholanzi. Chuo cha Uhasibu Arusha (IAA), pale Njiro, kiliwahi kushirikiana na Coventry University ya Uingereza. Mipango ya namna hii ni mizuri, ila uliza mambo matatu: cheti kinatolewa na nani, mtihani anasahihisha nani, na ushirikiano ukivunjika ukiwa katikati utamalizia wapi. Wakikujibu kwa mdomo, omba kwa maandishi.

4. GHARAMA YOTE NI NGAPI?
Ada ni sehemu tu. Tuchukue mfano wa kufikirika: chuo A cha hapa mjini ada milioni 7, chuo B cha Dar milioni 5. B inaonekana rahisi, siyo? Sasa weka nauli ya zaidi ya kilometa 600 kila unapoitwa darasani, chumba, chakula, na mshahara kama itabidi uache kazi. Ile milioni 2 uliyookoa inaisha kabla ya muhula wa pili. Nairobi ni karibu zaidi kupitia Namanga, lakini kule kila kitu unalipia kwa shilingi ya Kenya. Asiyeweza kuacha kazi aangalie masomo ya jioni, ya awamu, au Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa Arusha. Huria kunahitaji nidhamu, hakuna wa kukugongea mlango.

5. NANI ATASIMAMIA TASNIFU YAKO?
Hili halimo kwenye vipeperushi. Watu wengi humaliza masomo ya darasani vizuri, halafu wanakwama kwenye tasnifu, miaka inakatika. Msimamizi hapatikani, au ana wanafunzi lukuki. Kwa hiyo tafuta watu wawili watatu waliosoma pale, waulize: mlianza wangapi, mkamaliza wangapi kwa wakati? Jibu lao lina uzito kuliko tangazo la barabarani.

Kwa wanaoota kwenda nje, kuna mihuri mitatu inayotajwa sana duniani: AACSB, AMBA na EQUIS. Afrika Kusini, shule za biashara za Stellenbosch na Cape Town zinayo yote mitatu. Lakini muhuri sio lazima kwa kila mtu. Kama maisha yako yatakuwa Arusha, mtu uliyekaa naye dawati moja pale Njiro, ambaye kesho ni meneja wa benki, anaweza kukufaa kuliko jina la chuo cha mbali.

Basi ndugu yangu, chukua karatasi, andika vyuo viwili au vitatu, vipitishe kwenye maswali haya matano. Chuo kikishindwa swali la pili, kifute hapo hapo hata kama ada yake ni ya kutupa. Na kile kiwanja, usikiuze mpaka barua ya udahili iwe mkononi na jina la programu umeliona TCU kwa macho yako.

Mliosoma MBA hapa Arusha, tupeni uzoefu wenu hapo chini. Wadogo zenu wanasoma.