Vijana Wamaasai, Mchezo wa Kriketi, na Neno Walilowaambia Wazee



Siku moja kisha mazoezi ya mupira, vijana wa ekipe ya kanisa letu walikaa chini ya muembe kupumzika. Mmoja akaniuliza: "Pasta, siye tunachezaka tu, tunatoka jasho, tunarudia ku nyumba. Hii mupira inasaidiaka batu nini?" Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyetafuta franga za kununua mupira na maliyo, lakini ulizo hilo sijawahi kujiuliza.

Kisha nikapata habari ya ekipe moja ya Kenya. Si ekipe ya mupira wa miguu, ni ya kriketi. Niliwasimulia vijana wangu habari ile, na leo ninataka kuwasimulia ninyi pia.

KRIKETI NI MCHEZO GANI?

Hapa kwetu, tangu Kipushi mpaka Kolwezi, wengi hawajaona mchezo huu. Ulitoka Uingereza, na unapendwa sana katika inchi zilizotawaliwa na Waingereza: India, Pakistan, Australia, Afrika ya Kusini na nyingine.

Katikati ya uwanja kuna njia fupi ya metre karibu 20. Kila upande wa njia wanasimamisha vijiti vitatu. Mchezaji mmoja anasimama mbele ya vijiti na ubao mkononi. Mwenye kushindana naye anakuja mbio kutoka upande mwingine, anazungusha mkono juu ya kichwa, na kutupa mupira mdogo na mgumu kusudi uangushe vile vijiti. Mwenye ubao anaulinda upande wake na kuupiga mupira mbali. Ukienda mbali, yeye na mwenzake wanakimbia kubadilishana pahali, na kila mara wakipitana wanapata pointi moja. Mupira ukifika kwenye mupaka wa uwanja kwa kugusa chini, ni pointi 4. Ukipita mupaka bila kugusa chini, ni pointi 6. Vijiti vikianguka, au adui akiushika mupira hewani, mpigaji anatoka.

Munaona? Ni mchezo wa uvumilivu. Mtu mmoja anasimama mbele ya vijiti vyake na kukataa vianguke.

MWANAMKE ALIYECHUNGUZA NYANI

Katika jimbo la Laikipia, upande wa kaskazini wa mulima Kenya, kuna kijiji kinachoitwa Il Polei. Watu wake ni Wamaasai, wafugaji wa ngombe, mbuzi na kondoo. Inchi yao ni kavu, vumbi na miiba. Kijana wa kiume akifika umri, anaingia katika kundi la wapiganaji, ambao wanaitwa morani. Kazi yao tangu zamani ni kulinda watu na ngombe, kwa mkuki.

Karibu mwaka wa 2007, mwanamke mmoja wa Afrika ya Kusini, jina lake Aliya Bauer, alikuwa kule kwa kazi ya kuchunguza maisha ya nyani. Yeye alipenda sana kriketi. Akaanza kuwafundisha watoto wa shule. Wapiganaji wakapita, wakasimama kutazama. Mwanzo walishangaa, kisha wakataka kujaribu. Wakaona kwamba kutupa ule mupira hakuko mbali sana na kutupa mkuki: jicho, bega, mbio, kisha kuachilia. Ndivyo ekipe ilivyozaliwa, ikaitwa Maasai Cricket Warriors, ndiyo kusema Wapiganaji Wamaasai wa Kriketi. Kapiteni wao alikuwa kijana Sonyanga Ole Ngais.

Kila ekipe ya kriketi inavaa suruali na shati. Hawa walikataa. Walicheza na mavazi yao ya kabila: shuka nyekundu, shanga shingoni na mikononi, mapambo kichwani. Walifunga kinga ya miguu juu ya mavazi hayo, wakashika ubao. Hawakuona kwamba mtu anapaswa kuacha ya baba zake yote kusudi aingie katika mambo mapya. Mushike neno hilo vizuri, kwa sababu tutalirudilia.

SAFARI MPAKA LONDON

Kuna mashindano ya kriketi ya watu wasiolipwa kwa kucheza, yanaitwa Last Man Stands. Kila ekipe iko na wachezaji 8 tu, na mtu wa mwisho anabaki kupiga peke yake hata kama wenzake wote wametoka. Katika mwaka wa 2012 wapiganaji wetu walikwenda Cape Town, Afrika ya Kusini, kushindana huko. Katika mwaka wa 2013 walifika Uingereza.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mtoto wa kuchunga mbuzi, aliyejifunza katika vumbi, anaingia katika ndege na kufika London. Huko walifika hata Lord's, uwanja ambao watu wa kriketi wanauita nyumba ya mchezo wao. Mchezo unachezwa pahali pale tangu mwaka wa 1814. Majani yake ni ya kijani kibichi, yamekatwa kama zulia.

Hawakurudi na kombe. Ekipe nyingine zilikuwa na watu waliocheza tangu utoto. Lakini magazeti na televizyo ziliwafuata, na kila mara walipoulizwa juu ya mchezo, walisema pia juu ya jambo lingine. Jambo hilo ndilo linalonifanya niandike.

KAZI NJE YA UWANJA

Kwa desturi ya Wamaasai wengi, binti akifika umri wa kuwa mwanamke, alitahiriwa. Tuseme wazi: walimkata sehemu ya mwili wake wa siri. Kisha mara nyingi aliacha masomo na kuolewa, na baba yake alipokea ngombe. Wako waliopoteza damu nyingi. Wako waliopata ugonjwa, au matata makubwa saa ya kuzaa. Na wembe mmoja ukipita kwa mabinti wengi unaweza kupeleka virusi vya SIDA.

Serikali ya Kenya ilikataza kuwatahiri watoto wa kike katika sheria ya watoto ya mwaka wa 2001, tena ikatoa sheria kali yake pekee katika mwaka wa 2011. Lakini munajua wenyewe: karatasi ya serikali iko Nairobi, na desturi iko ndani ya boma. Polisi hawalali katika kila nyumba.

Sasa angalieni jambo hili. Juu ya nini wazazi waliendelea? Si kwa sababu walichukia mabinti wao. Mama aliyempeleka binti yake alimpenda. Aliogopa neno moja: "Asipotahiriwa, nani atamuoa?" Ndilo lililokuwa shina la mti. Basi, nani alikuwa na uwezo wa kukata shina lile? Si mgeni, wala si polisi. Ni wale vijana wenye kuoa. Mpiganaji akisimama mbele ya wazee na kusema, "Mimi nitaoa binti asiyetahiriwa, na ninataka dada yangu asome," woga wa mama unapoteza nguvu.

Hilo ndilo neno walilolichukua. Walikwenda katika mashule na ubao na mupira, wakafundisha watoto wa kiume na wa kike kucheza. Katikati ya mchezo walisema nao juu ya SIDA, juu ya kutahiri mabinti, na juu ya kuoza watoto mapema. Mtoto anayekimbia na kucheka anasikia vizuri kuliko mtoto anayeketishwa na kukemewa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kusema na wazee. Kwa Mmaasai, kama kwetu, kijana hawezi kusimama na kumfundisha mzee hivi hivi. Katika mwaka wa 2015 filamu yenye jina Warriors, iliyotengenezwa na Barney Douglas, ilionyesha maisha yao. James Anderson, mtupaji mkubwa wa ekipe ya Uingereza, alisaidia kuitoa. Katika filamu ile unaona vijana hawa wanakaa na wazee na kuzungumza nao kwa heshima, si kwa matusi. Hawakusema, "Desturi zenu zote ni mbaya." Wangesemaje hivyo, na wao wenyewe wamevaa shuka na shanga? Mavazi yao yalisema kwanza: sisi ni watoto wenu, hatujawatupa. Kisha mdomo ukasema: lakini jambo hili moja, baba, tuliache.

Je, ilisaidia? Katika uchunguzi uliofanywa Kenya katika mwaka wa 2008 na 2009, wanawake 27 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 49 walikuwa wametahiriwa. Katika 2014 walikuwa 21. Katika 2022 walikuwa 15. Siwezi kusema kwamba ekipe moja ya kijiji ilifanya hayo yote. Walimu, waganga, makanisa, serikali na wamama wenyewe walivuta kamba hiyo. Lakini kamba inavutwa na mikono mingi, na mikono ya vijana hawa ilikuwa pale.

KIFARU ALIYEKUWA WA KWETU PIA

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi Wakongomani. Katika Laikipia hiyo hiyo kuna hifadhi ya nyama inayoitwa Ol Pejeta. Katika mwaka wa 2015 wapiganaji hawa walicheza kriketi pale kusudi watu wakumbuke kifaru mmoja, jina lake Sudan. Alikuwa dume wa mwisho duniani wa vifaru weupe wa kaskazini. Alikufa tarehe 19 mwezi wa tatu 2018. Walibaki majike wawili tu, binti yake Najin na mjukuu wake Fatu.

Na vifaru hao walikuwa wanaishi wapi zamani? Pahali pamoja ni Garamba, kule kaskazini ya Kongo yetu. Wawindaji haramu wakawamaliza juu ya pembe. Wamaasai wa Kenya walicheza na kusema juu ya mali iliyopotea kwetu.

NA SISI HAPA?

Mtu atasema: "Pasta, siye hatutahirike mabinti. Hii habari si yetu." Ngoja kwanza.

Miaka michache iliyopita, baba mmoja alinijia. Binti yake alikuwa na miaka 15, kalasi alisoma vizuri. Kijana mmoja mchimbaji alikuwa amepata franga nyingi katika karieri, akaleta mali ya ndoa. Baba aliniuliza kama kanisa litabariki. Nilimjibu kwamba hatuwezi kubariki, yeye bado mtoto. Lakini nilisema kwa sauti ndogo, kisha nikanyamaza. Sikuenda nyumbani kwake. Sikumwita mama. Kisha miezi michache nikasikia binti iko kwa bwana yake, na ameacha masomo. Na yule kijana? Alikuwa mchezaji wa ekipe yetu. Maliyo aliyovaa, mimi ndiye niliyeinunua. Nilimfundisha kupiga kona. Sikumfundisha kwamba binti wa miaka 15 ni dada yake mdogo, si bibi yake.

Sheria iko. Sheria ya Kongo ya mwaka wa 2009 ya kulinda mtoto inakataza kuoza mtoto, na sheria ya jamaa iliyogeuzwa katika mwaka wa 2016 inasema miaka ni 18, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Lakini kama kule Laikipia, karatasi iko Kinshasa na franga ziko hapa mezani.

Wamaasai wale walinifundisha nani anaweza kukata shina. Ni vijana wenye kuoa. Kijana akisema, "Mimi sioe mtoto, nitangoja amalize masomo," baba hana mtu wa kumuuzia. Ekipe nzima ikisema hivyo, ni wavulana zaidi ya 11 na rafiki zao wote. Mugini mzima utasikia.

Basi, nilirudi kwa vijana wangu chini ya muembe. Niliwasimulia habari hii yote, na nikawaambia kosa langu pia. Walinyamaza. Kisha yule aliyeniuliza mara ya kwanza akasema: "Pasta, kumbe tulikuwa tunacheza nusu ya mechi tu." Tangu siku ile, kila siku ya mine kisha mazoezi tunakaa nusu saa. Tunazungumza juu ya ndoa, juu ya SIDA, juu ya pombe na juu ya franga za karieri. Mara mbili tumekwenda kuwaona wazazi waliotaka kuoza binti mapema. Tulikwenda na mzee wa kanisa mbele, vijana nyuma, kwa heshima. Mara ya kwanza tulifukuzwa. Mara ya pili binti alirudi masomoni.

Ni mmoja. Lakini mmoja ni mtu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA KUNDI LA VIJANA

1. Katika mugini wetu, ni desturi gani nzuri tunayopaswa kuishika, na ni gani tunayopaswa kuiacha?

2. Baba na mama: munaogopa nini binti yenu akikaa nyumbani na kusoma mpaka miaka 18?

3. Vijana: ekipe yenu, kwaya yenu au kundi lenu linasaidia watu nini kisha mchezo kuisha?

4. Kijana anaweza kumwambia mzee neno gumu namna gani bila kumvunjia heshima?