Sindano ya Pumu ya Ngozi na Sisi wa Ziwani

Juma lililopita nilikuwa Sengerema. Mama mmoja alinionyesha binti yake mwenye pumu ya ngozi. Viwikoni na nyuma ya magoti pamechubuka kwa kujikuna usiku kucha, na shuleni wenzake hawataki kukaa naye. Akaniuliza, "Ndugu mtangazaji, nasikia Ulaya kuna sindano. Ni kweli?"

Ni kweli. Inaitwa dupilumabu, na iliruhusiwa Marekani mwaka 2017, kwanza kwa watu wazima ambao dawa za kupaka zimewashindwa. Hutengenezwa kwa chembe hai. Kazi yake ni kuziba njia ya wajumbe wawili wa kinga ya mwili, ambao huamsha mwasho na uvimbe bila sababu. Mtu mzima huchomwa chini ya ngozi kila baada ya majuma mawili.

Lakini si muujiza. Katika majaribio mawili yaliyotangazwa mwaka 2016, baada ya majuma 16 ngozi ilitakata, au karibu kutakata, kwa wagonjwa 36 hadi 38 katika kila 100. Kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa walikuwa 8 hadi 10. Huweza kuleta macho mekundu, na ilipoanza kuuzwa Marekani bei yake ilikuwa kama dola 37,000 kwa mwaka.

Sasa jambo letu. Wajumbe hao hao husaidia mwili kupambana na minyoo. Waliojulikana kuwa na minyoo hawakuingizwa katika majaribio, na maelezo ya dawa yanaagiza minyoo itibiwe kwanza. Kichocho nacho ni minyoo. Ni nani kati yetu, tuliofua na kuoga ziwani, awezaye kuapa kwamba hana? Siku sindano hiyo itakapovuka daraja la Kigongo–Busisi, daktari wa hapa hana budi kuanza na kipimo cha choo, jambo ambalo mwenzake wa Ulaya huenda asilifikirie.

Nilimjibu mama hivi: ugonjwa huu hauambukizi, na mwalimu aelezwe. Mpake mtoto mafuta ya mgando mara atokapo kuoga, ngozi ingali na unyevu. Dawa ya kupaka yenye steroidi aipate kwa daktari, si kopo la dukani lisilo na maelezo. Na apimwe kichocho.

Hayo, ndugu wasikilizaji, hayangoji sindano.