Chini ya Mji Mkongwe Kuna Jiko

Huenda na wewe umewahi kuona jambo hili ukadhani si kitu. Unalima bustani nyuma ya nyumba, au watoto wanachimba shimo la takataka, mara jembe linagonga kitu kigumu. Unainama na kuokota kigae cha chungu, kina masizi upande mmoja. Unakitupa pembeni, unaendelea na kazi.

Kwetu Katumba Songwe, wilayani Kyela, vigae vya namna hiyo ni vingi. Mto Songwe una tabia ya kufurika, na watu wa bondeni wamezoea kuhama. Nyumba inaachwa, migomba inabaki, na baada ya miaka kadhaa hakuna ajuaye mlango ulikuwa unatazama upande gani. Kiangazi kilichopita kaka yangu alianza kuchimba udongo wa matofali mahali palipokuwa na nyumba ya bibi yetu mzaa mama. Kwenye kina cha magoti alikuta udongo mweusi, majivu, mafiga mawili, na vigae vya kutosha kujaza karai. "Uchafu tu huu," akasema, akavimwaga njiani kuziba dimbwi.

Zamani ningekubaliana naye. Lakini miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimesafiri na akina mama wa kanisa letu hadi Zanzibar, na huko nilisimama mahali ambapo watu wenye elimu kubwa wamepiga magoti kwa wiki nzima nzima wakitafuta uchafu kama huo huo.

Kanisa lililogeuka gereza

Ukishuka kwenye boti pale Malindi na kufuata barabara ya pwani, utafika Forodhani. Mbele ya bustani kuna jengo kubwa lenye kuta nene na minara ya mviringo. Hiyo ndiyo Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwashinda Wareno, walioondolewa katika ngome yao ya Mombasa mwaka 1698. Baadaye ngome hiyo ikawa mahali pa kufungia wahalifu, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ua wake ukawa uwanja wa akina mama wa kucheza tenisi. Siku hizi hufanyika humo matamasha ya muziki na filamu.

Wenyeji huiita pia Gereza. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa kuwa neno hili linatuhusu sisi Wakristo kuliko tunavyodhani. Wataalamu wa lugha wanasema lilitoka kwa Wareno, ambao kwao igreja ni kanisa. Na kweli, kabla ya ngome kujengwa, mahali pale palikuwa na kanisa la Wareno lililojengwa mwishoni mwa karne ya 16 au mwanzoni mwa ile ya 17. Waomani walitumia sehemu ya kuta zake, na vipande vyake bado vinaonekana ndani ya ngome. Ninakiri kwamba nilipooneshwa nilitarajia moyo wangu uruke. Haukuruka. Niliona ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, basi. Lilikuwa kanisa la wafanyabiashara na mabaharia wa taifa moja, likaondoka nao.

Kilichonigusa kilikuwa chini zaidi.

Mwaka 2017 kikundi cha wanaakiolojia, yaani wachunguzi wa mambo ya kale yaliyofukiwa ardhini, kilichimba katika ua wa ngome hiyo. Waliongozwa na Timothy Power na Mark Horton, wakishirikiana na wataalamu wa Zanzibar. Horton alikuwa amewahi kuchimba hapo hapo katika miaka ya 1980. Kwa muda mrefu watu wengi walisema Mji Mkongwe ni mji wa juzi tu, kwamba kabla ya Waomani palikuwa na vibanda vya wavuvi pale Shangani. Mashimo yale yalionesha vingine. Chini ya ngome kulikuwa na kanisa, na chini ya kanisa kulikuwa na mabaki ya makazi ya Waswahili, tabaka juu ya tabaka, yakirudi nyuma takriban miaka elfu moja. Walikuta hata vigae vya vyombo vilivyoletwa na majahazi kutoka Ghuba ya Uajemi.

Miji mikubwa ya dunia ndivyo ilivyo. Kule Roma, kila wanapochimba njia ya treni ya chini ya ardhi hulazimika kusimamisha kazi. Mwaka 2016 walitangaza kwamba chini ya mahali paitwapo Amba Aradam wamekuta kambi ya askari wa karne ya 2, yenye vyumba 39. Tofauti ni kwamba Waroma waliacha maandishi mengi juu ya mambo yao. Wanawake wa Shangani hawakuacha hata mstari mmoja, na kama si vigae tusingejua walikuwapo.

Kuosha udongo kama mchele

Msomaji atauliza, majivu na vigae vinasema nini? Vinasema mengi, na namna ya kuvisemesha haina uchawi. Wachimbaji hupima mraba wakafunga kamba, kisha wakaparura udongo taratibu kwa mwiko wa mwashi, tabaka moja kwa wakati mmoja. Kila karai la udongo hupita kwenye chekeche. Kilicho juu ni cha karibuni, kilicho chini ni cha zamani, isipokuwa kama panya au mchimba choo amevuruga. Kipande cha mkaa hupelekwa maabara, nako hupimwa mti ule ulikufa lini.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya kutafuta chakula. Wanachukua udongo wa jikoni wanautia katika pipa la maji na kuukoroga. Udongo na mawe huzama. Punje zilizoungua jikoni huelea, kwa kuwa zimekuwa mkaa mwepesi, nao huzikusanya kwa kitambaa laini na kuzianika. Mwanamke yeyote wa Kyela aliyewahi kuosha mchele akamwaga pumba zinazoelea angeweza kuajiriwa kazi hiyo kesho asubuhi.

Kwa njia hiyo mtaalamu Sarah Walshaw alichunguza punje zilizoungua katika vijiji viwili vya kale huko Pemba. Tumbe kilikaliwa kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, na humo nafaka kubwa ilikuwa uwele. Chwaka, jirani yake, kilikaliwa kuanzia karne ya 11 hadi ya 16, na humo mpunga ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza. Hebu fikiria mabadiliko hayo yalivyokuwa jikoni. Uwele ni chakula cha ukame, unatwangwa na kusagwa unga. Mpunga unataka maji, palizi, kufukuza ndege, kukoboa, kupepeta. Mtu alipaswa kujifunza kuupika bila kuwa bokoboko. Vitabu vya historia hutuambia majahazi yalileta biashara na dini mpya. Punje hizi zinatuambia kwamba kulikuwa na vizazi vya watu walioamka mapema zaidi.

Huko Tumbe pia vilipatikana kwa wingi vigae vyenye mifereji midogo iliyochimbika kwa kusuguliwa. Ndivyo walivyokuwa wakilainisha shanga za makombe ya baharini, na vilikuwa vimetapakaa katika makazi ya kawaida. Chungu kilipovunjika hakikutupwa. Kikawa chombo cha kazi ya kuingiza kipato nyumbani. Kilwa nako vilikutwa vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kutia kwenye kijiti cha kusokotea nyuzi za pamba.

Na vyungu vyenyewe? Wageni wakienda makumbusho huvutiwa na bakuli za Uchina na Uajemi, zenye kung'aa. Ukweli ni kwamba katika miji ile vyombo vya ng'ambo aghalabu havifiki hata kigae kimoja kati ya kumi. Vilivyobaki ni vyungu vya udongo wa hapa hapa, vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa bila tanuru kubwa.

Mama zao walikuwa akina nani

Kuna habari nyingine iliyotoka mwaka 2023, nayo inatoka makaburini, kwa hiyo niiseme kwa heshima. Wataalamu, akiwamo Mkenya Chapurukha Kusimba, walichunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya kale ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Mifupa huhifadhi alama za urithi, na kuna alama moja ambayo mtoto huipata kwa mama tu, aliyeipata kwa mama yake, na kuendelea hivyo nyuma bila kukatika.

Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema mji ulianzishwa na mtoto wa mfalme kutoka Shirazi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Wasomi wengi wa baadaye waliyaona ni majivuno matupu. Sasa vinasaba vimeonesha kwamba pande zote zilikuwa na sehemu ya ukweli. Kweli kulikuwa na baba waliotoka Uajemi, na damu hizo zilianza kuchanganyika kufikia karibu mwaka 1000. Lakini mama, karibu wote, walikuwa Waafrika, na kwa wengi wa watu wale zaidi ya nusu ya urithi wao ilitokana na wao. Watoto wakakua wakisema lugha ya Kiafrika, hii ninayokuandikia sasa, wakala kutoka vyungu vya mama zao. Masimulizi yalihifadhi jina la baba na safari yake. Jina la mama hayakulihifadhi.

Karai la kaka

Niliporudi nyumbani niliyakumbuka haya nikiwa nimesimama kando ya shimo la matofali. Nilikwenda kwenye lile dimbwi nikaokota vigae nilivyoweza, nikaviosha. Kimoja kilikuwa shingo ya chungu, kina michoro myembamba chini ya mdomo. Nilikitambua mara moja. Ni cha Wakisi wa Ikombe, ng'ambo ya Matema, ambako hadi leo akina mama hufinyanga vyungu na kuvileta sokoni kwa mitumbwi. Bibi alikuwa akivipenda hivyo tu. Alisema maharage ya chungu kingine hayana ladha.

Kwa hiyo kigae changu si cha miaka elfu. Hata hivyo nimejifunza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na anayevikuta anapaswa kutoa taarifa serikalini. Ukikuta kitu unachokitilia shaka shambani, kiache kilivyo, weka alama, umweleze mtendaji wa kijiji. Kikishahamishwa kutoka tabaka lake, hata mtaalamu hawezi tena kusema kilikuwa cha nyumba ipi.

Kaka hakufurahi nilipomwomba asimame. Ana oda ya matofali, na watoto wake wanasubiri ada. Tulibishana, naye akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kama mahali pale palikuwa muhimu kiasi hicho, mbona sote tuliacha majani yakaota? Mwishowe tulikubaliana. Anachimba upande wa mto. Kona ile yenye mafiga ameizungushia vijiti vya mianzi, na figa la tatu, ambalo hakuliona siku ile ya kwanza, bado limo ardhini.