Kitambi na Lawama: Visababishi vya Unene wa Kupindukia Nchini Kenya

Katika jamii nyingi za Kenya, mtu aliyenenepa huambiwa kuwa amenawiri, ilhali aliyekonda huulizwa anaugua nini. Mazoea haya ya lugha yalishika mizizi zaidi miaka ya 1990, kukonda kulipohusishwa na Ukimwi. Upande wa pili, kitambi hicho hicho kinachosifiwa kuwa dalili ya ukwasi hugeuka ushahidi wa ulafi pindi mwenyewe anapougua kisukari. Baina ya sifa na lawama, visababishi halisi husahaulika.

Kitaalamu, uzani wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa mraba wa kimo chake kwa mita. Afikaye 25 amezidi kiasi. Afikaye 30 ana unene wa kupindukia. Kwa mujibu wa Utafiti wa Kidemografia na Afya wa mwaka wa 2014, asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa katika makundi haya mawili. Mwaka wa 2008-09 walikuwa asilimia 25. Ajabu ni kwamba utafiti uo huo wa 2014 ulibaini kuwa asilimia 26 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ulafi pekee hauwezi kueleza nchi yenye hali zote mbili kwa wakati mmoja.

Mwili wenyewe una hila zake. Mnamo 1994, Jeffrey Friedman na wenzake nchini Marekani waligundua homoni ya leptini, ambayo hutolewa na seli za mafuta ili kuujulisha ubongo kiasi cha akiba iliyopo. Mtu apunguzapo uzani, leptini hushuka, njaa huzidi, na mwili huanza kubana matumizi ya nishati kana kwamba kuna ukame. Ndiyo maana wengi waliojinyima chakula hurejelea uzani wao wa awali. Hao si wazembe.

Kisha kuna jiji. Mama aondokaye Embakasi alfajiri kwa matatu, akashinda ameketi kwenye cherehani, hurudi nyumbani giza limeingia. Maharagwe makavu yanadai saa kadhaa za makaa. Chipsi na chapati ziko tayari kando ya barabara. Samaki na matunda ni ghali, lakini unga, sukari na mafuta ya kupimiwa dukani hushibisha watoto kwa fedha chache. Daktari humshauri atembee. Atembee wapi usiku, na njia ya waendao kwa miguu imejaa maji taka?

Hata akifaulu kupunguza kilo tano, majirani watamwuliza kwa sauti ya chini iwapo amekwenda kupimwa.