Askari Kwenye Zizi la Mkulima: Funzo la "Vita vya Ng'ombe" vya Iowa

Kazi ya askari haikomei mpakani wala katika doria ya usiku. Zipo siku ambazo amri humfikisha mahali ambapo hakutarajia kufika: penye lango la zizi la mwananchi, akiwa ameagizwa kumlinda daktari wa mifugo aliyekuja kupima ng'ombe, na pengine kusimamia wale watakaoonekana wagonjwa wapelekwe machinjoni. Siku hiyo adui haonekani kwa macho. Anayesimama mbele ya askari si mwizi wala mhaini, bali ni mfugaji anayeitetea mali yake, na nyuma yake wamesimama mkewe na watoto wake.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa tuwaeleze maafande na askari wa vyeo vyote, wa jeshi na wa polisi, msingi wa sheria za kuzuia kifua kikuu cha ng'ombe, na mambo yanayotokea sheria hizo zinapogongana na hasira ya wananchi. Mfano tuliouchagua ni wa jimbo la Iowa, nchini Marekani, ambako mwaka 1931 serikali ililazimika kutuma askari karibu 2,000 ili ng'ombe wapate kupimwa. Watu wa huko waliyaita mambo hayo "Vita vya Ng'ombe", na jina hilo limebaki katika historia yao hata leo.

ADUI ASIYEONEKANA

Kifua kikuu cha ng'ombe huletwa na kijidudu kilicho ndugu wa karibu wa kile kinacholeta kifua kikuu cha binadamu. Mwaka 1882 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alitangaza kwamba amekigundua kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1890 akatoa dawa iitwayo tuberkulini. Dawa hiyo haikuponya wagonjwa kama alivyotumaini. Lakini madaktari wa mifugo waligundua kuwa ina faida nyingine kubwa: ng'ombe aliyekwisha kuambukizwa akidungwa, mwili wake hujitangaza wenyewe. Hivyo dawa iliyoshindwa kutibu ikawa mpelelezi hodari.

Koch huyo huyo alisema mjini London mwaka 1901 kwamba ugonjwa wa ng'ombe si hatari kubwa kwa watu. Serikali ya Uingereza iliunda tume kulichunguza jambo hilo, na kazi ya tume ilipokamilika mwaka 1911 ilikuwa dhahiri kwamba hata bingwa huweza kukosea. Binadamu huambukizwa, na mlango mkuu ni maziwa mabichi. Waathirikao zaidi ni watoto: wengine huvimba tezi za shingoni, wengine huharibika mifupa na uti wa mgongo, na wengine hupoteza maisha.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba ng'ombe aweza kuonekana mnono, manyoya yake yanang'aa, akatoa maziwa mengi kila asubuhi, kumbe ndani yake amebeba maradhi kwa miezi au miaka, akiwaambukiza wenzake kwa pumzi zizini. Mfugaji humtazama ng'ombe wake kwa jicho la uzoefu, akaapa kuwa hana dosari. Hasemi uongo, anasema alichokiona. Kwa hiyo sheria haiwezi kutegemea jicho.

SHERIA INATAKA NINI

Sheria za kifua kikuu cha ng'ombe hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini katika nchi zilizofaulu kuupunguza ugonjwa huu zimesimama juu ya nguzo tano.

Nguzo ya kwanza ni kupima kwa lazima. Daktari humdunga ng'ombe tuberkulini kidogo katika ngozi, kisha hurudi baada ya saa 72 kutazama kama mahali pale pamevimba. Askari na azingatie kwamba daktari hufika mara mbili: akizuiwa safari ya pili, kazi ya safari ya kwanza imepotea bure.

Nguzo ya pili ni karantini. Kundi lenye mgonjwa halitoki, wala ng'ombe mgeni haingizwi, mpaka lipimwe tena na kuonekana safi. Nguzo ya tatu ni kumtia alama mgonjwa na kumchinja. Huko Marekani ng'ombe wa namna hiyo alichomwa chapa ya herufi T katika taya, ili asije akauzwa kwa siri mnadani. Nguzo ya nne ni fidia kwa mwenye mali. Na nguzo ya tano ni kusafisha zizi kwa dawa kabla ya kuleta ng'ombe wengine.

Huenda mtu akauliza: kwa nini kulazimisha? Kwa nini kila mfugaji asiachiwe hiari yake? Jibu ni kwamba ng'ombe hawajui mipaka ya mashamba. Wakipimwa wa wafugaji tisa na wa kumi akakataa, wale tisa wamechinja ng'ombe wao bure, kwani maradhi yatavuka ua na kurudi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ufa wa ukuta huu hauzibwi nusu.

MAMBO YALIVYOTOKEA IOWA

Serikali ya Marekani ilianza kampeni yake mwaka 1917, wakati ambapo inakisiwa kuwa katika kila ng'ombe 100 wa nchi hiyo, 5 walikuwa na ugonjwa. Mwanzoni wafugaji walijiunga kwa hiari, kisha wilaya moja baada ya nyingine. Mwaka 1929 jimbo la Iowa lilitunga sheria ya kupima ng'ombe wa jimbo zima kwa lazima, na mwaka 1930 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikaamua kwamba sheria hiyo ni halali.

Lakini wakati haukuwa mwema. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka mwaka huo huo wa 1929. Bei ya mahindi na ya mifugo ilishuka vibaya, na wakulima wengi walikuwa na madeni ya benki. Katika hali hiyo mtu akaambiwa kwamba ng'ombe wake wa maziwa, aliyekuwa akiwalisha watoto wake, atachinjwa, na kwamba fidia ya serikali haitafikia thamani yake yote. Sehemu ya hasara ilimbakia mwenyewe.

Juu ya hayo, palikuwa na mchochezi. Katika mji wa Muscatine, jirani na wilaya ya Cedar, mtu mmoja jina lake Norman Baker alikuwa na kituo cha redio. Aliwaambia wakulima kuwa upimaji ni udanganyifu mtupu. Baker huyo alijidai pia kuwa anaweza kutibu saratani; kibali cha redio yake kilikataliwa mwaka 1931, na mwaka 1940 alihukumiwa kwa kuwalaghai watu kwa njia ya posta kuhusu tiba hiyo. Lakini mwenye njaa na hasira hamchunguzi sana mtu anayemwambia neno analopenda kulisikia.

Mwezi Machi 1931 wakulima zaidi ya 1,000 walikwenda Des Moines, makao makuu ya jimbo, kuomba upimaji uwe wa hiari. Ombi lao halikukubaliwa. Tarehe 21 Septemba mwaka huo madaktari wa mifugo, wakisindikizwa na polisi zaidi ya 60, walifika katika shamba moja karibu na mji wa Tipton, wakakuta mamia ya wakulima wakiwangoja. Mabomu ya machozi yalitupwa. Wakulima wakajibu kwa matope na marungu. Magari ya maafisa yakaharibiwa. Polisi na madaktari wakarudi nyuma.

Ndipo Gavana Dan Turner, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mkulima, alipotangaza utawala wa kijeshi katika wilaya ya Cedar na kutuma Jeshi la Ulinzi la jimbo. Askari walipiga kambi katika viwanja vya maonyesho vya Tipton, wakawa wakifuatana na madaktari kutoka shamba hadi shamba. Baadhi ya wapinzani walikamatwa, na viongozi wawili wakahukumiwa kifungo. Hakuna mtu aliyeuawa. Kabla ya mwaka kwisha upimaji ulikuwa umekamilika katika Cedar na wilaya jirani, na askari wakarudi kwao.

JE, WAKULIMA WALIKUWA NA HOJA?

Ingekuwa rahisi kusema kwamba wakulima wale walikuwa wajinga wakaidi, na kuishia hapo. La hasha. Hebu tuzitazame hoja zao moja moja.

Walisema tuberkulini huwafanya ng'ombe wazima waugue na kutoa mimba. Hilo halikuwa kweli. Walisema kipimo hukosea. Hilo lilikuwa na chembe ya ukweli, kwa kuwa hakuna kipimo kisichokosea kabisa, na hata leo baadhi ya ng'ombe hupimwa vibaya. Ndiyo sababu kundi hupimwa tena na tena. Walisema fidia haitoshi. Hilo lilikuwa kweli.

Tena waliuliza swali moja lililowasumbua wengi: ikiwa ng'ombe wangu ni mgonjwa wa kuchinjwa, mbona nyama yake inauzwa mjini? Jibu lipo. Mara nyingi ugonjwa hukaa katika mapafu na tezi; mkaguzi wa machinjio hukata na kutupa sehemu hizo, na mzoga ambao ugonjwa umeenea mwilini hutupwa wote. Hatari kubwa ilikuwa katika maziwa mabichi na katika pumzi za ng'ombe hai. Lakini jibu hilo halikumfikia mkulima kwa lugha ya kumridhisha, na mahali penye swali lisilojibiwa uvumi hujenga nyumba.

Basi sheria ilikuwa ya haki, na kosa la wakulima lilikuwa kuinua marungu mahali ambapo mahakama ilikwisha kusema. Lakini askari wale 2,000 hawakuushinda ugonjwa. Walichofanya ni kufungua lango. Kazi ya kuushinda ilifanywa kwa miaka mingi na madaktari waliopima, wakaguzi waliokagua, na hazina iliyolipa. Kufikia mwaka 1940 ng'ombe karibu milioni 4 walikuwa wamechinjwa nchini Marekani, na kila wilaya ya nchi hiyo ilikuwa imetangazwa kuwa ugonjwa umeshuka chini ya ng'ombe mmoja katika kila 200.

KIBALI CHA NJIA SI KARATASI TU

Tusije tukadhani kwamba ushindi ukipatikana hubaki peke yake. Uingereza ilianza upimaji wa lazima wa eneo baada ya eneo mwaka 1950, na ilipofika mwaka 1960 makundi yote ya nchi yalikuwa yakipimwa chini ya mpango huo. Ugonjwa ukawa haba sana. Baadaye ukaanza kupanda tena. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka huko, upimaji wa kifua kikuu ulisimamishwa kwa sehemu kubwa. Wafugaji waliopoteza mifugo yao wakanunua mingine kutoka sehemu za mbali, na mingi haikupimwa. Kifua kikuu kikasafiri ndani ya malori hadi wilaya zilizokuwa hazina ugonjwa kwa muda mrefu. Mwaka 2006 England ikaanza kudai ng'ombe wa sehemu zenye hatari wapimwe kabla ya kuhamishwa.

Hapo ndipo askari wa kizuizini anapoiona nafasi yake. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ng'ombe hawasafirishwi bila kibali cha daktari wa mifugo. Askari anayepokea noti mkononi na kuachia lori lenye ng'ombe 20 ilhali kibali kimeandikwa 12, hajampa dereva msaada. Amewapeleka wanane wasiojulikana katika mazizi ya watu wasio na hatia.

WAJIBU WETU

Ni lazima tuseme kweli: kupima na kuchinja kunahitaji fedha nyingi za fidia, na nchi nyingi za Afrika hazijaweza kuzitoa. Zimetegemea zaidi ukaguzi wa nyama machinjioni na mafundisho ya kuchemsha maziwa. Lakini siku yoyote karantini inapotangazwa, atakayeitwa kuilinda ni askari, na hana budi kujua mambo machache.

Kwanza, askari si daktari wala mthamini. Habishani na mfugaji kama ng'ombe ni mgonjwa. Humlinda yule ambaye sheria imempa kazi ya kuamua, na humlinda pia mfugaji asidhulumiwe. Pili, na aone amri iliyoandikwa, na wakuu wake wahakikishe kuwa baraza limefanywa na wananchi wameelezwa kabla ya gari la serikali kufika. Tatu, idadi ya ng'ombe, alama zao na kiwango cha fidia viandikwe mbele ya mwenyewe, naye apewe nakala yake. Nne, askari asiondoke na chochote cha boma lile, hata kibuyu kimoja cha maziwa. Akichukua, wananchi watasema karantini ilikuwa hila ya kuwapora, na safari ya pili ya daktari itakuwa ya marungu.

Mwisho, sheria hii na ianzie kambini na katika nyumba zetu wenyewe. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa, ya ng'ombe wetu na ya kununua, hata kama ng'ombe ni mnono na muuzaji ni rafiki. Askari anayemlazimisha mkulima kutii sheria kwa ajili ya afya ya watoto wa taifa, kisha akawanywesha wanawe maziwa mabichi, hajaielewa amri aliyoitekeleza.